Kidole Kinachofyatuka: Namna ya Kuendelea Kunyanyua Vyuma Baada ya Miaka 55

Asubuhi za Nakuru huwa na baridi, na mwenye kidole kinachokwama huamka akikuta kimekunjama kiganjani, kikikataa kukunjuka hadi kifyatuke ghafla kwa maumivu. Nimeishi na hali hii katika kidole cha pete cha mkono wa kulia kwa miaka sita, ikiondoka na kurudi, na haya ninamwandikia mzee mwenzangu aliyewahi kupona na sasa anaona inamrejea.

Kano inayokunja kidole hupita ndani ya ala, na pale kiganjani, chini kidogo ya shina la kidole, kuna pete ngumu inayoishikilia karibu na mfupa. Pete hiyo ikinenepa na kano ikafanya fundo, fundo hukwama linapopita. Bonyeza mahali hapo kwa kidole gumba cha mkono wa pili, nawe utasikia uchungu, pengine na fundo lenyewe likisogea. Kisha shika chuma kama ulivyozoea: utaona kwamba kinalala juu ya pete iyo hiyo.

Kwa hiyo kinachopaswa kupunguzwa kwanza ni mshiko. Unapoinua chuma kutoka sakafuni, funga mikanda ya mkono, ile inayozungushwa kwenye chuma ili ibebe uzito badala ya vidole, tangu seti ya kwanza, badala ya kuihifadhi kwa ajili ya uzito mkubwa. Kuchuchumaa ukiwa na chuma mabegani hakudai mshiko mkali, na mashine ya kusukuma kwa miguu haiudai kabisa. Kujivuta juu na kutembea na dambeli nzito, kwa maoni yangu, viachwe kwa muda wa wiki sita hivi. Katika jimu nyingi za mitaani chuma chetu ni bomba lililotiwa mikebe ya saruji pande mbili, na bomba jembamba hukulazimisha kukaza vidole. Lizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli linenepe kidogo, lakini kidogo tu, maana lililo nene kupita kiasi nalo huchosha mkono.

Kosa lililonirudisha nyuma mara mbili halikutokea jimu. Nilikuwa nikipumzisha mkono wiki nzima, kisha Jumamosi ninakwenda shambani Bahati na kushika jembe kwa saa nne mfululizo, halafu nikashangaa kuona kidole kimekwama Jumapili. Kano haijui tofauti ya jembe na chuma. Hesabu mishiko yote ya siku, ikiwemo panga, kukamua ng'ombe, kukamua nguo na usukani wa pikipiki, na ikiwa kazi ya shamba haiahirishwi, siku hiyo usinyanyue chochote kwa mkono huo.

Usiku vaa gango jepesi linalozuia kidole kisikunjike, na ulivae kwa wiki sita au zaidi, kwa sababu wengi huliacha mara tu maumivu yanapopungua. Asubuhi tia mkono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha kisaidie kidole kukunjuka polepole kwa mkono wa pili. Usikivute kwa nguvu.

Yasipotosha hayo, daktari anaweza kukupiga sindano ya steroidi karibu na pete ile. Huwasaidia wengi, ingawa tatizo laweza kurudi, na kwa mwenye kisukari hurudi kwa urahisi zaidi. Sindano hiyo pia hupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo mweleze daktari mapema na upime mara kwa mara. Ambaye hajawahi kupima kisukari na vidole vyake vinakwama kimoja baada ya kingine, ni vyema apime. Inaporejea licha ya sindano, upasuaji mdogo wa kukata pete hiyo, unaofanywa kwa ganzi ya mkono tu, ndio dawa ya kudumu zaidi, na mshiko mzito husubiri wiki kadhaa baadaye. Kidole kikivimba, kikawa chekundu na chenye joto, au ukapata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mimi sasa hukunja na kukunjua vidole mara kumi kabla ya kutoka nyumbani, na kimoja kikigoma hata mara moja, siku hiyo hufanya mazoezi ya miguu peke yake.