Jinsi ya Kujenga Ghala la Barafu la Mwaka 1905 kwa Reli ya Modeli

Kabla mashine za kugandisha maji hazijaenea, miji ya kaskazini mashariki mwa Marekani ilitumia barafu iliyokatwa ziwani na mitoni wakati wa baridi kali, ikawekwa ghalani na kuuzwa hadi kiangazi. Reli iliingia mapema: mwaka 1841 njia ya Charlestown ilijengwa ili kubeba barafu kutoka Fresh Pond, karibu na Boston. Hapa tunajenga ghala moja la kando ya ziwa kwa HO, kipimo cha reli za modeli ambacho kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi (1:87), ambapo futi moja ni milimita 3.5.

Shika hili kwanza: jengo zima lipo ili kuzuia joto. Madirisha hayana kazi hapa, na ukiyaweka umejenga kiwanda kingine.

1. Vipimo. Ghala la futi 100 kwa 40, kuta futi 30, linakuwa mm 350 × 140 × 105. Nafasi ikiwa haba, punguza urefu wa jengo. Kimo usikiguse, kwa sababu ukubwa wa kuta tupu ndio unaolitambulisha.

2. Kuta. Tumia shiti ya plastiki ya mm 1 yenye mistari ya mbao. Kwa ndani gundisha vijiti vya mm 5 × 5 kila baada ya mm 60. Ukitumia kadibodi, paka rangi pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ukipaka upande mmoja tu, unyevu unautanua upande huo na ukuta unapinda.

3. Milango. Hapa ndipo modeli nyingi huharibika. Mlango wa ghala la barafu ni mwanya mrefu, kutoka chini hadi karibu na paa. Ukate upana wa mm 14. Kuta halisi zilikuwa mbili, katikati zimejazwa vumbi la mbao, kwa hiyo rudisha mlango ndani mm 3 au 4 ili unene uonekane. Uzibe kwa vipande vifupi vya mbao vilivyolala, maana wafanyakazi walivipachika kimoja kimoja kadiri barafu ilivyopanda. Mandhari ikiwa ya Februari, acha theluthi ya juu wazi.

4. Paa na rangi. Weka vibanda vidogo vya kutolea hewa kwenye mgongo wa paa, kila mm 100. Paka kuta nyeupe iliyofifia. Rangi hiyo ilirudisha jua.

5. Mteremko wa mnyororo. Mnyororo usio na mwisho, ukiendeshwa na injini ya mvuke, ulipandisha mapande ya barafu kutoka majini. Jenga fremu ya vijiti vya mm 2 na uilaze kwa nyuzi 25 hadi 30. Ongeza kibanda cha injini chenye bomba la moshi.

6. Barafu. Tangu Nathaniel Wyeth alipobuni kikataji cha kukokotwa na farasi mwaka 1825, mapande yalitoka sawasawa na kupangika bila mianya mingi. Kipimo cha inchi 22 kwa 32 ni mm 6.4 × 9.3. Kata akriliki angavu ya mm 3, ambayo ni kama inchi 10 za unene halisi, kisha usugue kwa msasa namba 400. Usipake buluu. Gundisha kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya kukausha papo hapo hutoa mvuke unaoacha madoa ya ukungu.

7. Njia ya kupakilia. Jukwaa liwe sawa na sakafu ya behewa la mizigo, karibu mm 13 juu ya reli. Pima behewa lako mwenyewe. Majukwaa marefu yanayofikia paa la behewa ni ya vituo vya kujaza barafu kwenye mabehewa ya matunda na nyama, usiyachanganye. Acha mm 22 kutoka katikati ya njia hadi ukingo wa jukwaa, na upitishe injini yako ya treni iliyo pana kuliko zote kabla ya kugundisha. Njia ikiwa na kona, ongeza nafasi, kwani behewa refu hutokeza tumbo upande wa ndani na ncha upande wa nje.

Malizia kwa vumbi laini la mbao mbele ya milango, na madoa ya maji kwenye mbao za chini tu.