SOMO: Kuvuka mpaka wa safu, na '\0' inayosahaulika kwenye C

Wakuu, leo tuchambue kosa la kuandika au kusoma nje ya safu (array), linalofanya programu ikubali leo na igome kesho, hali hujagusa kitu.

Hatua ya 1: Mpaka wa safu

```
int alama[5];
for (int i = 0; i <= 5; i++)
    alama[i] = 0;
```

Nafasi zako ni alama[0] mpaka alama[4]. Hiyo `<=` inaandika kwenye alama[5], ambayo si yako. Programu ikiwa kazini, C haikagui kama umevuka mpaka wa safu. Inaweza kuanguka, inaweza kuharibu kigeu cha jirani, au isionyeshe dalili yoyote, na hapo ndipo pabaya zaidi. Andika `i < 5`.

Hatua ya 2: Nafasi ya '\0'

`char jina[4] = "Asha";` inakubalika kwenye C, ila '\0', yaani baiti ya sifuri inayoonyesha mwisho wa maneno, imekosa pa kukaa. printf ya `%s` husoma baiti moja moja mpaka ikutane na '\0'. Isipoikuta inaendelea tu, ndiyo maana unaona takataka baada ya jina. Andika `char jina[] = "Asha";` kompaila ihesabu 5 yenyewe.

Hatua ya 3: Kunakili

strcpy, fanksheni ya kunakili maneno, haiulizi ukubwa wa inakopeleka. Wengi hukimbilia strncpy, inayopewa kikomo n cha herufi za kunakili, wakidhani wamepona. Hawajapona: chanzo kikiwa na herufi n au zaidi, hujaza nafasi zote n bila kuweka '\0'. Mimi natumia hii:

```
int k = snprintf(b, sizeof b, "%s", a);
```

Hapa a ni chanzo na b ni inakopelekwa; b iwe safu, si pointa (kigeu kinachoshika anwani tu). '\0' inawekwa daima, na k ikifika `sizeof b` au kupita, jua maneno yamekatwa.

Hatua ya 4: Kusoma

gets isahau, husoma mstari bila kuuliza ukubwa wa safu yako. Mwaka 1988 mnyoo wa Morris, programu hasidi iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, uliitumia kupenya kwenye fingerd (programu ya kutoa taarifa za watumiaji wa kompyuta), na C11, toleo la C la 2011, ikaiondoa kabisa. Tumia `fgets(b, sizeof b, stdin)`, kisha ufute '\n' inayobaki: `b[strcspn(b, "\n")] = '\0';`

Hatua ya 5: Kukagua

`gcc -Wall -Wextra -g -fsanitize=address kazi.c`

Iendeshe, ikivuka mpaka, mara nyingi utatajiwa mstari wenyewe.

MASWALI

*Mkuu, safu yangu ina char 100, lakini sizeof ndani ya fanksheni inanipa 8. Kulikoni?*
Kilichofika kwenye fanksheni ni anwani ya herufi ya kwanza. Unapima pointa, na kwenye mashine za biti 64 kwa kawaida ni baiti 8. Pitisha ukubwa kama parameta ya pili.

*Kwa malloc je, nikiomba memori ya kunakili maneno s, strlen inatosha?*
Haitoshi, strlen haihesabu '\0'. Ni `malloc(strlen(s) + 1)`.

*Yangu ina `<=` na haijawahi kusumbua. Nibadilishe ya nini?*
Jaribu kuikompaili kwa `-O2` (inayoiambia kompaila iongeze kasi ya programu), au ongeza kigeu kimoja juu ya safu. Mpangilio wa memori ukibadilika, kilichokuwa kinaharibiwa kimyakimya kinaweza kuwa kitu unachokihitaji. Badilisha, mkuu.