Ndago ikishavamia ua: namna ya kuitambua na kuimaliza huku Mombasa

Kazi yangu ni bustani. Asubuhi niko kwenye nyua za watu Nyali na Bamburi, jioni narudi kwenye matuta yangu ya mchicha na bamia huku Mtopanga. Karibu kila nyumba ninayoitwa, lalamiko ni moja: "Fundi, hizi nyasi tumelima, tumelima tena, mvua ikinyesha zinarudi maradufu." Nikiinama kutazama, nakuta ndago. Na jembe lenyewe ndilo lililoizidisha.

Kwanza uijue. Ndago si nyasi, ni jamaa ya mafunjo. Shika shina lililobeba ua ulizungushe kati ya vidole: utasikia pembe tatu, na hutakuta kifundo hata kimoja. Shina la nyasi lina vifundo, na aghalabu ni la mviringo. Majani ya ndago hutoka chini kwa matatumatatu, ya kijani kilichokolea, yanang'aa. Ua ni la hudhurungi inayoelekea zambarau. Ukikuta la manjano, hiyo ni ndago nyingine, ambayo vijiazi vyake ni vitamu na huliwa, na kila kimoja hukaa peke yake mwisho wa mzizi. Hii inayotutesa vijiazi vyake ni vichungu, ngozi nyeusi, na vimefungamana chini ya udongo kama tasbihi.

Huo uzi unaoviunganisha ndio wa kuufikiria kabla hujainua jembe. Maadamu haujakatika, kijiazi kilichotangulia kuchipua huvizuia vingi vya nyuma yake, vikabaki vimelala. Jembe likiukata, kila kimoja kinakuwa huru na kinaota kivyake. Isitoshe, kijiazi kimoja kina macho kadhaa. Ukivuta majani jicho moja limekwenda, jingine linaamka. Kwa hiyo mtu analima Jumamosi anafurahi, na wiki ya pili ua mzima umekuwa kijani. Mbegu wala zisikushughulishe, hii huenea kwa vijiazi.

Sasa, ukitaka kuichimba, chimba wakati wa kaskazi. Januari na Februari hapa kwetu mvua hakuna na jua halina huruma, na kitu ambacho kijiazi cha ndago hakiwezi kustahimili ni kukauka. Acha kumwagilia sehemu hiyo kabisa. Tumia jembe la meno, lile la uma, uinue udongo badala ya kuukatakata. Vijiazi vingi viko ndani ya sentimita 15 za juu, ingawa vingine hushuka zaidi. Vitandaze juani kwenye bati au sakafu ya saruji kwa wiki mbili hivi, uvigeuzegeuze, kisha uvichome. Usivitie kwenye lundo la mboji vikiwa vibichi. Hapo utakuwa umevihifadhi tu.

Kwenye tuta dogo mimi naazima chekeche la waashi, lile la mchanga, naupitisha udongo wote. Udongo wa kichanga wa Bamburi unapita bila taabu. Penye mawe ya matumbawe hilo haliwezekani, vijiazi hujibana kwenye nyufa na hata uma haufiki. Hapo tegemea kisu.

Kisu ni hivi: masika yakishaingia, usichimbe. Tope linashika kila kipande na kila kipande kinaota. Kata tu majani chini kidogo ya uso wa udongo, na urudie kila baada ya wiki mbili. Mmea unatumia akiba ya kijiazi kutoa majani, na majani ndiyo huirudisha hiyo akiba na kutengeneza vijiazi vipya. Ukiuacha mwezi mzima umeshaurudishia ulichokuwa umeunyang'anya. Ni kazi ya kuchosha, sikatai, na kwa msimu mmoja haishi.

Ila kuna kinachokusaidia bure, nacho ni kivuli. Ndago haipendi kivuli hata kidogo. Nikishapunguza vijiazi napanda viazi vitamu, vitambae vifunike tuta, na matembele nayachuma kwa mboga. Kunde zilizobanana pia zinafaa. Kwenye ua wa nyasi za Pemba, acha nyasi zirefuke kidogo. Wenye nyumba wengi wanataka zikatwe hadi ngozi ya udongo ionekane, halafu wanashangaa ndago imetoka wapi! Umeifungulia jua mwenyewe. Na usipoteze pesa kwa nailoni nyeusi ukidhani utaizima; ncha ya ndago hutoboa nailoni ikatokea juu.

Dawa zipo. Glaifoseti huingia kwenye majani ikashuka chini, lakini inaua kila kijani inachokigusa, mchicha wako pamoja nao. Ipige ndago ikiwa changa na yenye nguvu, si iliyokatwa jana wala iliyonyauka kwa kiu, kisha usiiguse kwa wiki mbili au zaidi. Itachipua tena, utapiga tena. Kwa ua wa nyasi uliza agroveti dawa yenye halosulfuroni, na usome kibandiko kama aina yako ya nyasi imetajwa. Nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na magugu, isipokuwepo kwenye chupa, rudisha. Zile za kuunguza majani tu hazikufai, kijiazi kinabaki salama chini.

Mimi penye kisima sipigi dawa. Jiwe letu la matumbawe linapitisha maji upesi, na visima vingi vya mitaani si virefu.

Jambo la mwisho ni lori. Ndago nyingi za Nyali hazikuota zenyewe, zilinunuliwa pamoja na udongo mwekundu wa kujazia, au zilikuja na samadi, au ndani ya mfuko wa mche wa maua. Kabla hujalipa lori zima, omba karai moja. Limwagilie, liache juani wiki mbili. Yakitokea majani matatumatatu, mwambie muuzaji udongo wake hauutaki. Atanuna, atakuambia ni nyasi tu za kawaida. Mshikishe shina, alizungushe kati ya vidole.