NGO yenu inayumba? Jinsi ya kuishi humo bila kuumia

Dalili ya kwanza sio mshahara kuchelewa, ni maji ya kunywa. Kwetu ilianza hivo, dumu la dispensa likaisha hakuna aliyeleta lingine, wiki iliyofuata toneri ya printa, halafu mkurugenzi kaitisha kikao anasema "jamani sisi ni familia". Ukisikia neno familia kwenye kikao cha mishahara anza kujipanga.

Kwanza elewa hela ya dona, yaani mfadhili, inavyokaa. Kila hela ina mradi wake, ya vyandarua ni ya vyandarua, ndo maana gari lina mafuta ya kwenda fildi huku mhasibu ana miezi miwili hajalipwa, sio uchawi. Kwa hiyo usiulize "shirika lina hela?", uliza mshahara wako unatoka mradi gani na unaisha lini. Waliokuwa chini ya USAID, shirika la misaada la Marekani, wanajua, Januari 2025 barua za kusimamisha kazi zimeingia watu wana shughuli zao katikati, na miradi mingi haikurudi.

Halafu NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa huku Tanzania. Hapa ndo nililia mimi. Slipu inaonesha nimekatwa 10% kila mwezi, nimeenda NSSF kuangalia nakuta miezi saba haijaingia hata senti, ya kwangu wala ya mwajiri, hela yetu ilikuwa inalipa kodi ya pango la ofisi! Angalia michango yako kila mwezi, usingoje uache kazi, na slipu zako zote zitunze kwenye simu yako sio kompyuta ya ofisi.

Mkikubaliana mshahara usogezwe, iwe kwa maandishi, ata imeili ya mistari miwili inatosha. Masurufu, yaani hela uliyopewa ya safari ya kazi, retaya (toa hesabu na risiti) siku ileile umerudi fildi, maana siku mambo yakiharibika atatafutwa mwenye masurufu yasiyofungwa na hapo hakuna cha familia. Na usitoe hela yako kulipa nauli za washiriki ukiambiwa "tutakurudishia", mi nimewahi, sijarudishiwa mpaka leo.

Kama wanakupunguza kazi na umefanya zaidi ya mwaka, kiinua mgongo kwa sheria ya Tanzania ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Ukiona umeachishwa kinyume cha sheria una siku 30 kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, madai ya mishahara siku 60, sasa wengi wanakaa wanamsubiri bosi "anaongea na dona" siku zinakwisha.

Kutafuta kazi nyingine anza ukiwa bado una kazi, sio usaliti. Na barua ya utumishi iombe mapema wakati muhuri bado upo mezani, sie mwenye nyumba ya ofisi alikuja na kufuli lake Jumatatu asubuhi, muhuri ukabaki ndani.