Namna ya Kurekebisha Maonyo ya Maelezo ya Msimbo katika Kerneli ya Linux

Katika msimbo wa kerneli ya Linux kuna maelezo ya aina mbili. Yale yanayoanza kwa alama `/*` humhusu msomaji wa faili peke yake. Yale yanayoanza kwa `/**`, yaani mkwaju mmoja na nyota mbili, husomwa pia na skripti iitwayo kernel-doc, ambayo huyageuza kuwa kurasa za nyaraka rasmi. Kwa sababu husomwa na mashine, yana kanuni zake: mstari wa kwanza hutaja jina la fanksheni, kisha kistari, kisha maelezo mafupi, baada ya hapo kila parameta hutajwa kwa jina lake likitanguliwa na alama ya `@` na kufuatwa na nukta mbili. Maelezo yakipishana na msimbo, skripti hutoa onyo, na kazi yetu ni kutafuta ni upande upi unaosema kweli.

Ili kuyaona maonyo hayo, jenga saraka moja ndogo kwa amri `make W=1 drivers/gpio/`, au saraka nyingine yoyote ambayo uko tayari kuisoma. Unaweza pia kuiita skripti yenyewe juu ya faili moja: `tools/docs/kernel-doc -none -Wall` (katika matoleo ya zamani ilikuwa `scripts/kernel-doc`) ikifuatwa na jina la faili. Chaguo la `-none` huizuia isichapishe nyaraka, hivyo maonyo pekee ndiyo hubaki, na `-Wall` huongeza malalamiko kuhusu thamani inayorudishwa ambayo haikuelezwa. Njia hii ya pili ndiyo inayokufaa kwa faili za vichwa zenye kiambishi `.h`. Fanyia kazi mti wa linux-next, yaani ule unaokusanya mabadiliko yanayotarajiwa kuingia katika toleo lijalo, kwa kuwa huenda onyo ulilolikuta kwenye toleo la zamani limekwisha kurekebishwa na mtu mwingine.

Tuchukue mfano mmoja niliouunda kwa ajili ya somo hili, tuutazame kwa karibu. Maelezo ya kerneli huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nimeyaacha hivyo.

```
/**
 * sensor_wait - wait for the sensor to become ready
 * @s: the sensor
 * @timeout: time to wait, in seconds
 */
int sensor_wait(struct sensor *s, unsigned int delay)
```

Bila `-Wall`, skripti italeta maonyo mawili: la kwanza litasema kwamba `delay` haikuelezwa (“not described”), na la pili kwamba `timeout` imeelezwa ilhali haimo katika fanksheni (“Excess function parameter”). Mtu mwenye haraka atafuta neno `timeout`, ataandika `delay`, na maonyo yote mawili yatanyamaza. Hapo ndipo makosa mabaya zaidi yanapofanyika. Ingia ndani ya fanksheni kwanza. Ukikuta mstari unaoita `msecs_to_jiffies(delay)`, utajua kwamba muda hupimwa kwa milisekunde wala si sekunde, na kwamba yule aliyelibadilisha jina alibadilisha pia kipimo bila kuyagusa maelezo. Kubadili jina peke yake kungeliacha kosa palepale, tena safari hii bila onyo lolote la kumshtua msomaji. Endelea hadi mwisho wa fanksheni: ikiwa inarudisha `-ETIMEDOUT` muda unapokwisha, nalo liandikwe.

```
 * @delay: longest time to wait, in milliseconds
 *
 * Return: 0 on success, -ETIMEDOUT if the sensor did not answer.
```

Kwa sababu hiyo hiyo napinga vikali mtindo wa kuandika `@dev: the dev` ili tu skripti iridhike. Maelezo ya namna hiyo hayamwongezei msomaji chochote, na yanaondoa alama pekee iliyokuwa ikionyesha kwamba pana pengo. Kama hujui parameta inafanya nini, fuatilia fanksheni inayoipokea na zile zinazoiita. Kama bado hujui, liache onyo hilo.

Onyo lenye maneno “expecting prototype for” humaanisha kwamba jina lililo katika maelezo si la fanksheni iliyo chini yake. Mara nyingi fanksheni ilibadilishwa jina, na `git log -S` ikifuatwa na jina la zamani itakuonyesha ni lini. Lakini wakati mwingine mtu alichomeka fanksheni mpya katikati ya maelezo na fanksheni yanayoieleza, na hapo dawa ni kuyahamisha maelezo, si kuyabadilisha jina. Onyo lisemalo kwamba maelezo yameanza kwa `/**` lakini si ya kernel-doc ni jepesi: ondoa nyota moja. Katika miundo ya data, sehemu zisizokusudiwa watu wa nje zitanguliwe na `/* private: */`, na skripti itaziruka.

Ukimaliza, endesha skripti tena, kisha soma `git diff` mstari kwa mstari. Pasiwe na mstari hata mmoja wa msimbo uliobadilika. Hifadhi kwa `git commit -s`, ambayo huongeza mstari wa Signed-off-by wenye jina lako. Kwa kichwa cha ujumbe, tazama `git log --oneline` ya faili hiyo ufuate kiambishi ambacho wenzako wamekuwa wakikitumia. Ndani ya ujumbe, nakili onyo lenyewe, kisha eleza umejuaje kwamba maelezo mapya ni sahihi. Katika mfano wetu, taja `msecs_to_jiffies`, maana hilo ndilo atakalotaka kuhakiki msimamizi. Pitisha kiraka, yaani mabadiliko yako, kwenye `scripts/checkpatch.pl` ili mtindo wake ukaguliwe, pata majina ya wasimamizi kwa `scripts/get_maintainer.pl`, kisha kitume kwa `git send-email`. Ukiombwa marekebisho, tuma kiraka kizima upya kikiwa na alama ya v2, na uandike ulichobadilisha chini ya mstari wa vistari vitatu, ambako hakitaingia katika historia ya kudumu ya mradi.