Somo: Grainda ya mkanda inayolala ubavu (soma hadi mwisho ndiyo uulize)

Wiki hii pekee nimeulizwa mara sita jinsi nilivyoifanya grainda yangu ya mkanda wa msasa ilale. Jibu ni lile lile, na vidole vimechoka. Naliweka hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitamwelekeza huku.

Kwa asiyejua faida yake: grainda ikisimama, unanoa mteremko wa makali ya kisu kama kawaida. Ukiilaza ubavu, unaweka kisu kwenye meza yake ndogo na kufuata umbo la mgongo na mpini huku unauona mstari wako kutoka juu. Mashine moja, kazi mbili. Nina kibanda cha futi nane kwa kumi Kariobangi, nafasi ya mashine mbili sina.

Hatua ya 1: Mota. Fezi tatu, kilowati 1.5 (farasi 2), mizunguko kama 2,850 kwa dakika, pamoja na kidhibiti cha mwendo kinachopokea stima ya kawaida ya volti 240 na kutoa fezi tatu. Kabla hujalipa, soma kibao cha mota. Kiwe kimeandikwa 240/415 au 230/400, nawe uiunge delta, yaani nyaya zake kwa pembetatu. Ya 400/690 usichukue, kwenye kidhibiti hiki itakosa nguvu.

Hatua ya 2: Mikanda. Milimita 50 kwa 1,830. Nunua hata mmoja kabla ya kukata chuma, ndio utakaopimia.

Hatua ya 3: Puli. Ya mota iwe na kipenyo cha milimita 100. Hapo mkanda unakimbia kama mita 15 kwa sekunde. Puli ya juu, inayoongoza mkanda, iwe na mgongo: katikati pazidi kingo kwa kama milimita moja. Mwambie mkereza atoboe shimo na akereze ukingo bila kuitoa puli kwenye chaki (taya za mashine ya kukereza). Akiitoa katikati ya kazi, itayumba.

Hatua ya 4: Fremu. Bamba la milimita 10. Mkono wa kubeba vifaa ni bomba la mraba la 40 kwa 40. Unapochomelea ala yake (bomba unamoingia), zungushia mkono vipande vya kopo la soda, kisha uvitoe ikipoa. Bila hivyo chuma kitajivuta na mkono hautatoka tena.

Hatua ya 5: Bawaba, ndiyo inayoilaza mashine. Hapa tulia.

Ya kwanza niliitengeneza kwa boliti moja ya milimita 12 kwenye bamba la milimita 6, nikakaza kwa nati yenye masikio. Wiki mbili ilikuwa tamu. Siku moja nanoa nikiwa nimeilaza nusu, kikombe changu cha bati kiko ukingoni mwa meza, nikaona chai inajichora viduara. Nikasema ni mota tu. Nati ilikuwa inajifungua. Kichwa chote (fremu, puli na mota), kilo thelathini na ushee, kikaanguka upande wa mota, mkanda ukachomoka ukachapa ukuta, na kidole gumba cha kushoto kikabaki kati ya meza na bamba. Kovu ninalo.

Sasa natumia sahani mbili za chuma za unene wa milimita 12 na kipenyo cha milimita 200, nyuso zimekerezwa, zinatazamana na grisi katikati. Boliti ya milimita 20 inapita katikati, na nati yake ni ya kujifunga. Zaidi ya hiyo kuna pini ya milimita 12 inayotumbukia kwenye tundu la kusimama au la kulala, na boliti ya pili ya kukaza inayopita kwenye mfereji wa mviringo. Matundu ya pini toboa sahani zikiwa zimeshikana, zote mbili kwa pigo moja la drili. Ukizitoboa mbalimbali, pini italegea na mashine itatetemeka.

Bawaba ikae karibu na kitovu cha uzito. Kukipata, laza bomba sakafuni, weka kichwa juu yake pamoja na mota, sukuma taratibu hadi kisiegemee popote. Weka alama. Usikadirie kwa macho, mota inadanganya.

Na zima mashine kabla ya kuchomoa pini. Kila siku.

Mimi huilaza mota ikining'inia chini nje ya ukingo wa meza, mkanda ukabaki juu. Acha nafasi ya kutosha chini yake, feni ipumue, na waya uwe na kitanzi. Meza ifunge sakafuni.

Hatua ya 6: Mkono wa kukaza mkanda. Springi ngumu, na egemeo lisilocheza.

Hatua ya 7: Kidhibiti cha mwendo kiweke kwenye sanduku lililofungwa. Vumbi la chuma hupitisha umeme.

MASWALI

Kijana wa Gikomba: Jumla ni pesa ngapi?

Jibu: Bei nimeiacha makusudi. Chuma cha mabaki na chuma kipya cha Industrial Area si bei moja, na mota ya mtumba ni bahati yako. Tembea uulize.

Makali Mbili: Niko na mota ya pampu, farasi nusu. Itafanya?

Jibu: Hatua ya 1 imesema farasi 2. Itazunguka, ukigandamiza kisu itasimama.

Makali Mbili: Nimeuliza tu mzee, si lazima ukali.

Jibu: Nami nimejibu tu.

Mama Panga: Fundi habari. Yangu ikisimama mkanda unatulia katikati. Nikiilaza unateremka upande wa chini hadi unakwaruza fremu. Puli nimekereza upya mara mbili.

Jibu: Nzuri dada, na pole kwa gharama, maana puli haina kosa. Ikisimama, mkono wa kukaza unavutwa upande mmoja tu na springi. Ikilala, uzito wa mkono na puli unaanza kuvuta kwa ubavu, na egemeo likiwa na mwanya, mkono unainama. Puli ikiinama kidogo, mkanda unahama. Zima, legeza mkanda, shika ncha ya mkono, itikise kushoto kulia. Inacheza?

Mama Panga: Inacheza kama milimita mbili hivi.

Jibu: Hapo hapo. Umepitisha boliti kwenye tundu la bamba tu, sivyo? Chomelea bomba nene la urefu wa milimita 40 au zaidi, utie bushi (kibomba cha kuzuia mchezo) ndani. Egemeo likiwa refu, mwanya ule ule mdogo hauonekani tena kwenye ncha. Kisha rekebisha mkanda mashine ikiwa imelala, ndipo uisimamishe uone. Ukishindwa niletee picha ya egemeo, tutaangalia pamoja.

Mkereza 254: Naongezea. Bushi za shaba za kingpini za lori (pini za magurudumu ya mbele) ziko Kirinyaga Road, mkereza anazipunguza upesi. Usitumie plastiki.

Jibu: Asante. Hiyo sikuifikiria, mimi nilikereza yangu kutoka kipande kizima.

Jirani wa Jogoo Road: Chuma cha visu unatoa wapi?

Jibu: Springi za lori za bapa, zisizo na ufa. Pasha kipande kidogo hadi sumaku isishike, ongeza moto kidogo, tia kwenye mafuta, kisha kivunje kwenye jiliwa. Chembe za ndani zikiwa laini kama majivu, endelea. Zikiwa kubwa zinazometa, ulizidisha moto.

Mama Panga: Na mpini wa mvule unauchonga hapo hapo?

Jibu: Ndiyo, ila vaa barakoa, vumbi la mvule huwasha pua na ngozi. Kwanza fagia vumbi lote la mbao kabla hujarudi kwenye chuma, cheche zitaliwasha. Na mikanda usiitundike kwenye msumari, hujikunja pale na kukatika. Tundika kwenye kipande cha bomba la inchi nne, mahali pakavu.