Jinsi ya kusoma kesi ya zamani ya kashfa bila kupotea (tunaanza na ya Mwalimu, 1958)

Watu wengi wakitaka kuielewa sheria ya kashfa (kumchafulia mtu jina) wanaanzia mwisho, yani wanafungua sheria ya leo, wanasoma vifungu viwili vitatu afu wanabaki wanajiuliza haya maneno "kwa manufaa ya umma" yametokea wapi na kwa nini kumtukana mtu kwa mdomo kunahesabiwa tofauti na kumuandika. Hii sheria ni kama nyumba ya urithi, kila kizazi kimeongezea chumba na hakuna aliyebomoa cha zamani. Mi nawaambia wadogo zangu wanaosoma sheria wachukue kesi moja tu ya zamani waibane maswali, itawapeleka wenyewe.

Kesi ninayopenda ni ya Mwalimu Nyerere. Wengi tunajua aliwahi kuhukumiwa na wakoloni, ila ukiuliza kosa gani watu wanatafuna maneno, mwingine anasema uchochezi. Hapana, ilikuwa kashfa ya jinai. Mei 1958 kijarida cha chama, Sauti ya TANU, kilitoa maneno makali ya Mwalimu kuhusu ma-DC, yani wakuu wa wilaya wa kikoloni, wale tuliokuwa tunawaita Bwana Shauri, na waliotajwa sana ni wa Musoma na wa Geita. Julai akapandishwa kizimbani Dar es Salaam, mawakili wake D. N. Pritt aliyetoka Uingereza, pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri. Agosti akatiwa hatiani, faini shilingi 3,000 au jela miezi sita, akalipa faini.

Haya, shika kalamu. Swali la kwanza, nani kafungua kesi? Ukikuta ni serikali ujue uko kwenye jinai, ukikuta ni mtu anadai fidia hiyo ni madai, na usichanganye hizi mbili maana zina ukoo tofauti kabisa. Ya Mwalimu ilifunguliwa kwa jina la Malkia. Kule Uingereza, sheria hii ilikotoka, zamani kumchafua mtu ilikuwa dhambi kwanza, inasikilizwa na mahakama za kanisa, na adhabu yake ni toba na kuomba radhi. Wakubwa wakajitengenezea ulinzi wao mapema, sheria ya 1275 ikakataza kueneza habari za uongo zinazoweza kuleta ugomvi kati ya mfalme na watu wake au mabwana wakubwa. Baadaye mashine za kuchapa zikaenea na watawala wakapata homa, ndo mahakama ya mfalme iliyoitwa Star Chamber ikalichukua hili jambo kama kosa la kuvuruga amani. Kwa hiyo ukiona Bwana Shauri wa Geita analindwa na dola nzima mwaka 1958, ujue hilo wazo lilikuwa na miaka karibu mia saba.

Swali la pili ndo lenyewe, kama una muda wa swali moja tu uliza hili: ukweli ulikuwa unamwokoa mshtakiwa? Usidhani jibu ni ndiyo. Mwaka 1605 kulikuwa na kesi ya bwana mmoja, Lewis Pickering, aliyetunga mashairi ya kumsimanga Askofu Mkuu Whitgift ambaye alikuwa ameshafariki (yani mipasho, tena msibani). Kanuni iliyotoka pale, kama alivyoiandika mwanasheria Edward Coke, ni kwamba haijalishi ulichoandika ni kweli au uongo, na haijalishi unayemsema yuko hai au kafa. Hoja yao ilikuwa maneno ya kweli yanauma zaidi, kwa hiyo yanaleta ugomvi zaidi. Ukiifikiria kwa akili ya mtu anayeogopa fujo ina mantiki yake, ukiifikiria kwa akili ya raia ni balaa. Star Chamber ilifutwa 1641 lakini kanuni yake ikabaki ikitembea kwenye mahakama za kawaida zaidi ya miaka mia mbili. New York mwaka 1735 wazee wa baraza (jury) walimwachia mchapishaji Peter Zenger aliyeshtakiwa kwa kumkashifu gavana, japo sheria ilikuwa upande wa gavana, Uingereza 1792 wakalipatia baraza mamlaka ya kuamua kesi nzima badala ya kusema tu "ndiyo kachapisha", na 1843 ndo bunge lao likakubali ukweli uwe utetezi kwenye jinai, ila kwa sharti, uwe ukweli NA uwe umetolewa kwa manufaa ya umma.

Umeona hilo sharti? Lilipanda meli likaja huku. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya 1930 ililibeba, na ya Kenya vilevile. Kwa hiyo Mwalimu kuwa na hoja ya kweli peke yake kusingetosha, lazima pia mahakama ikubali kwamba umma ulinufaika kuambiwa. Kwenye madai hali ilikuwa nafuu, huko ukweli peke yake ulikuwa unatosha.

Swali la tatu, ilisemwa au iliandikwa? Hapa ni haraka. Maandishi yalihesabiwa mazito, ya mdomo mara nyingi lazima uoneshe hasara uliyopata, isipokuwa umeambiwa mhalifu, una ugonjwa wa kuambukiza au hufai kwenye kazi yako. Majaji wa karne ya 17 walizidiwa na kesi za matusi ya mdomo mpaka wakaanza kutafuta visingizio vya kuzitupa. Ninayoipenda ni ya 1607, jamaa alisema Sir Thomas Holt kampiga mpishi wake na panga la jikoni kichwani mpaka nusu ya kichwa ikalala bega hili na nusu bega lile, majaji wakasema hiyo sio kashfa ya kuua kwa sababu hakusema kama mpishi alikufa! Ukikutana na hukumu ya ajabu namna hiyo usidhani hujaelewa Kiingereza.

Mwisho angalia adhabu, afu linganisha na tarehe. Miezi sita ya Mwalimu ilionekana kawaida 1958. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, kwenye kesi ya mwandishi Lohé Issa Konaté wa Burkina Faso aliyefungwa miezi kumi na miwili, ilisema kumfunga mtu kwa kashfa ya namna ile ni kupitiliza. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ikakitupa kifungu cha 194 cha kashfa ya jinai. Uganda wao 2009 Mahakama ya Katiba ilikuwa imekiacha cha kwao kisimame, kwa hiyo usiseme "Afrika Mashariki imefuta" ukiwa kwenye mtihani. Tanzania, Mahakama ya Afrika Mashariki iliikosoa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 mwezi Machi 2019, marekebisho yakaja 2023.

Hukumu utazipata bure kwenye tovuti za TanzLII na Kenya Law. Na kama hukumu unayosoma ni ya madai, kabla hujajichosha na hoja angalia kwanza tarehe ya maneno na tarehe ya kufungua kesi, Kenya una miezi 12 tu, Tanzania miaka 3, utashangaa ngapi zimefia hapo.